Mtoto Asiyetulia: Mhadhara kwa Wazazi na Walimu wa Kibirichia

Najua kuna viazi vilivyochimbwa asubuhi ambavyo bado havijaingia guniani, kwa hivyo naingia moja kwa moja katika jambo lililonileta.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja alinijia nyumbani akiwa na chupa ya plastiki ndani ya kiondo. Chupani mlikuwa na unga wa rangi ya udongo. Aliununua sokoni, kwa mtu mwenye gari na kipaza sauti, kwa shilingi 3,000, na pesa hizo zilitoka kwenye magunia mawili ya viazi. Aliambiwa kwamba unga huo ni wa asili, hauna kemikali hata chembe, na kwamba mtoto akiunywa katika uji kwa siku 40 atatulia. Mwanawe ana miaka minane. Haketi. Hamalizi sentensi yake wala hamngoji mwenzake amalize ya kwake. Tangu muhula uanze amepoteza sweta tatu, na kwa baridi ya huku kwetu sweta si kitu cha kupoteza. Mama aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nimpe au nisimpe?"

Nilimwomba kwanza aniletee madaftari ya mtoto. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 31, na daftari huniambia mambo ambayo ripoti ya mwisho wa muhula haisemi. Pia nimelea mtoto wa namna hiyo chini ya paa langu mwenyewe. Nyumbani nilikosea zaidi kuliko darasani, na nitafika huko.

Hali tunayoizungumza, wataalamu huiita ADHD. Kwa Kiswahili chetu naweza kusema ni umakini usiokaa mahali pamoja, mara nyingi ukiandamana na mwili usiotulia na mdomo au mkono unaotangulia fikra. Haikuletwa na simu. Daktari Mskoti, Alexander Crichton, aliandika mwaka 1798 kuhusu watu ambao akili yao haikubali kushikwa na jambo moja. Mwaka 1902 George Still alisimama mbele ya madaktari wenzake huko London akawaeleza habari za watoto wenye akili nzuri ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia. Still aliona hapo kasoro ya kujitawala kimaadili. Neno hilo limewaumiza watoto wengi, kwa sababu mtu mzima akishaona kosa la maadili mkono wake huenda kwenye kiboko. Leo tunajua kwamba jambo hili linatokana na jinsi ubongo unavyokua, na kwamba hurithiwa kwa kiwango kikubwa, karibu kama kimo. Ukimwona mtoto hatulii, mwulize nyanya yake jinsi baba wa mtoto huyo alivyokuwa katika umri huo. Hakuna aliyemlaani. Hakuna mhenga aliyekasirika. Mama yake hakumharibu kwa kumbembeleza.

Duniani hukadiriwa kwamba karibu watoto watano katika kila 100 wana hali hii. Kwa hesabu hiyo darasa la watoto 50 lina wawili au watatu, na mmoja wao huenda ni msichana ambaye hajawahi kumsumbua mtu. Amekaa karibu na dirisha, anaangalia mawingu yanavyoufunika mlima Kirimara, na kalamu yake imesimama kwenye swali la pili tangu kengele ilipolia. Huyo hatumwoni. Tunaandika kwenye ripoti kwamba ni mzembe, tunaendelea na wengine.

Lakini si kila mtukutu ana ADHD. Wataalamu hutaka dalili ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, zidumu miezi sita au zaidi, zionekane angalau mahali pawili, na ziwe zinamzuia mtoto kuishi na kusoma inavyopasa. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, ilhali nyumbani na kanisani ni mtulivu, hebu kwanza tuliangalie somo la mwalimu huyo. Kisha kuna mambo yanayofanana na hali hii kama mapacha. Sikio linalotoa usaha. Macho yasiyoona ubao. Damu iliyopungua. Usingizi usiotosha. Nyumba ambayo usiku watu wazima hupigana na asubuhi mtoto anatarajiwa kugawanya sehemu. Niliwahi kumwadhibu msichana kwa muda mrefu kwa kile nilichokiita kuota mchana. Baadaye ilijulikana ana aina ya kifafa ambayo mtoto haanguki: huduwaa kwa sekunde chache, macho yamekodoa, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Yule mtoto hakuwa akinidharau. Hakuwa ananisikia. Kwa hivyo njia ya kwanza ya asili, kabla ya unga wowote, ni kumpeleka mtoto apimwe masikio, macho na damu. Hospitali zetu za karibu zinaweza kufanya hivyo.

Sasa tulichukue hilo neno lenyewe, asili.

Sisi Wameru hatuhitaji mgeni atufundishe kwamba jani linaweza kubadilisha kichwa cha mtu. Kule Igembe na Tigania, upande wa Nyambene, kuna miti ya miraa ambayo mababu waliipanda. Upande wa Embu, kule Mbeere, kuna muguka, aina nyingine ya miraa. Miraa ni asili tupu. Haikupita kiwandani, haikuongezwa kitu, imefungwa tu kwa jani la mgomba ili isikauke. Na ndani yake mna kitu kinachoitwa katinoni, ambacho maabara ya Umoja wa Mataifa ilikitambua mwaka 1975, na ambacho kwa umbo ni ndugu wa karibu wa amfetamini. Jani likinyauka katinoni huvunjika na kupoteza nguvu, ndiyo maana magari ya miraa hukimbia vile yakitoka Maua kuelekea Nairobi.

Geukeni upande wa pili. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, katika kituo cha watoto huko Rhode Island, Marekani, alikuwa akitafuta kitu cha kuwapunguzia watoto maumivu ya kichwa. Akawapa amfetamini, iliyouzwa kwa jina la Benzedrine. Kilichomshangaza hakikuwa kichwani bali darasani: karibu nusu ya watoto 30 walianza kukaa na kufanya kazi zao kwa bidii, na watoto wenyewe wakaviita vidonge vya hesabu. Miaka saba baadaye, mwaka 1944, mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba huko Uswisi alitengeneza methilifenideti. Ikaingia sokoni kwa jina la Ritalin, kutokana na jina la mkewe, Rita. Mpaka leo hiyo ni miongoni mwa dawa zinazotumika zaidi kwa ADHD duniani.

Mnaona? Jani la Nyambene na kidonge cha Uswisi vinabisha mlango ule ule katika ubongo, mlango wa dopamini, kemikali inayomsaidia mtu kuona kwamba jambo lililo mbele yake linafaa kushikiliwa. Kilichovitenganisha si kwamba kimoja kimetoka kwa Mungu na kingine kwa mzungu. Kidonge kimepimwa: tunajua kina miligramu ngapi, kimejaribiwa kwa maelfu ya watoto, na daktari anayekitoa hupima mapigo ya moyo, uzito na kimo, na huuliza juu ya usingizi na hamu ya kula. Jani halina kipimo. Shada la leo si la jana, na pamoja nalo huja kukesha, kukosa njaa, moyo kwenda mbio, na kwa wengine akili kuvurugika. Asije mtu akatoka hapa akasema mwalimu ameruhusu mtoto atafunishwe miraa ili atulie. Nasema kinyume kabisa. Nasema kwamba mtu akiniambia kitu ni cha asili, bado hajaniambia kama ni salama wala kama kinafanya kazi.

Na kwa kuwa tumeigusa miraa, nina neno kwenu vijana mliosimama pale mlangoni. ADHD haiishii shuleni. Wengi huingia nayo utu uzima. Ninapomsikia kijana akisema kwamba hawezi kuketi na hesabu za duka lake au kumaliza safari ya usiku bila kutafuna, huwa najiuliza kama huyo hajitibu bila kujua, kwa dawa isiyo na kipimo. Huo ni mtazamo wangu, lakini kijana wa namna hiyo anastahili kusikilizwa na daktari kabla hatujamwita mlevi.

Turudi kwa chupa ya mama. Duniani wamejaribu mimea mingi kwa hali hii, na baadhi imejaribiwa kwa haki. Kuna mmea mmoja wa maua ya manjano, hypericum, unaoaminiwa sana Ulaya na Marekani kwa mambo ya akili. Ulitolewa kwa watoto na vijana wenye ADHD katika utafiti wa watu 54 uliochapishwa mwaka 2008, wengine wakipewa kidonge kitupu kinachofanana nao, bila mtu kujua nani amepewa nini. Baada ya wiki nane hapakuwa na tofauti. Hata hivyo wapo walioutumia wanaoapa kwamba unasaidia. Ndivyo tulivyo wazazi: tukilipia kitu, macho yetu hutafuta matunda yake. Na hatari nyingine ni ile isiyoonekana kabisa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Boston walinunua madukani dawa 70 za asili za mtindo wa Kihindi, wakazipima, na 14 kati yake zikawa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi ninayoitaja ni madini, na ni adui mkubwa wa umakini wa mtoto. Mnaikumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza risasi katikati ya nyumba za watu, na Phyllis Omido akasimama kuwatetea watoto hadi mahakamani, akatunukiwa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Je, chupa hii ina risasi? Haina lebo wala jina la aliyeitengeneza. Nilimwambia mama: usimpe.

Hilo lilikuwa nusu ya jibu. Mtu akimnyang'anya mama tumaini bila kumpa kitu mkononi, mama huyo atarudi kwa mwenye kipaza sauti.

Tuanze na jikoni. Wengi mnaamini sukari ndiyo inayowapandisha watoto. Mwaka 1995 daktari Mark Wolraich na wenzake walikusanya tafiti 23 zilizopima jambo hilo, na hawakuona kwamba sukari hubadilisha tabia ya mtoto. Lakini kuna utafiti wa mwaka mmoja kabla ya huo ambao unaniuma mpaka leo. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari. Nusu ya akina mama wakaambiwa mtoto wako amepewa sukari nyingi. Akina mama hao waliwaona watoto wao kuwa watukutu zaidi, wakawakosoa zaidi, wakawaandama kwa karibu zaidi. Mtoto hakuwa amepewa sukari yoyote. Kilichobadilika kilikuwa jicho la mama. Sukari inaharibu meno na ina mabaya yake, ipunguzeni kwa sababu hizo. Rangi za peremende na vinywaji vya bei nafuu ni jambo jingine. Utafiti wa Southampton, Uingereza, wa mwaka 2007, kwa watoto karibu 300, ulionyesha kwamba mchanganyiko wa rangi fulani za viwandani pamoja na kihifadhi kimoja uliongeza utukutu kidogo, hata kwa watoto wasio na ADHD, na tangu 2010 Umoja wa Ulaya unadai onyo kwenye vyakula vyenye rangi hizo. Athari ni ndogo. Hata hivyo kumnyima mtoto kinywaji chenye rangi hizo hakugharimu kitu, na huokoa shilingi.

Jambo ninalotaka kulikalia ni chai. Hapa kwetu mtoto huamka kwa chai, hula chakula cha mchana kwa chai akiwa nyumbani, na chai humlaza. Chai ina tanini, na tanini hushika madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga kabla mwili haujayachukua. Mtoto amekula githeri nzuri na terere, kisha kikombe cha chai kinapita nyuma yake kikizoa kile chuma. Na chuma si cha damu peke yake. Ubongo hukihitaji ili kutengeneza ile dopamini niliyoitaja. Mwaka 2004 daktari Eric Konofal na wenzake wa Paris walipima watoto 53 wenye ADHD wakakuta wengi wao wana akiba ndogo ya chuma mwilini, kuliko watoto wasio na hali hiyo. Tafiti nyingine hazikukubaliana nao kikamilifu, na sitawaambia kwamba chuma hutibu ADHD. Lakini mtoto aliyepungukiwa na chuma hawezi kuwa makini hata angekuwa malaika, na hilo linaweza kupimwa kwa tone la damu na kurekebishwa. Kwa hivyo chai ikae mbali na chakula, saa moja au zaidi. Terere, managu, njahi, ndengu, na ndimu au chungwa kando yake, kwa sababu uchachu wa matunda hayo husaidia mwili kukichukua chuma. Dawa za minyoo zinapoletwa shuleni, mtoto asifichwe. Na tafadhalini, vidonge vya chuma msivinunue kwa kukisia. Vikizidi ni sumu kwa mtoto.

Mafuta ya samaki, yale yenye omega-3, yana ushahidi wa kweli ingawa ni mdogo: mapitio ya mwaka 2011 ya majaribio 10 yenye watoto 699 yaliona nafuu kidogo. Vidonge vyake ni ghali. Omena pale Gakoromone ni nafuu, na wale wanaosema Mmeru hali samaki, wajaribu kuikaanga vizuri kwa nyanya na dania.

Usingizi sasa. Mtoto wa miaka sita hadi 12 anahitaji kati ya saa tisa na 12 za kulala. Fanyeni hesabu pamoja nami. Wa kwetu anaamshwa saa kumi na moja alfajiri, giza na umande. Ili apate saa tisa, lazima awe amelala saa mbili usiku. Ni nyumba ngapi hapa ambazo saa mbili usiku chakula hata hakijaiva? Huko Australia watafiti waliwafundisha wazazi wa watoto 244 wenye ADHD mambo madogo ya kulaza mtoto: saa ile ile kila siku, taa izimwe, kelele zipungue. Walikutana na wazazi mara mbili tu na kuwapigia simu mara moja. Dalili za ADHD zilipungua kiasi, na mwalimu darasani akaona tofauti ya tabia. Hakuna chupa hapo. Simu ya baba itoke chumbani mwa mtoto, chai ya jioni ikome, na chakula chake kitangulie cha wageni.

Halafu mwili. Mtoto huyu mwili wake unadai kutembea, na sisi humwadhibu kwa kumnyima mapumziko, yaani tunamnyang'anya maji mtu mwenye kiu. Mazoezi ya viungo husaidia umakini, hasa yakitangulia masomo. Na mahali pana maana pia. Mwaka 2009 Andrea Faber Taylor na Frances Kuo, huko Illinois, waliwatembeza watoto wenye ADHD kwa dakika 20, mara moja katika bustani yenye miti, mara nyingine katika mitaa ya mji. Watoto walikuwa 17 tu, kwa hivyo nalisema kwa uangalifu, lakini waliotoka mitini walikuwa makini zaidi. Watu wa miji ya mbali wanalipa kupata dakika 20 za miti. Sisi tumekaa chini ya Kirimara, na msitu uko juu yetu. Mtoto anayetembea kwenda shule kupitia mashamba ana kitu ambacho yule anayepakiwa kwenye boda boda na wenzake watatu hana.

Sasa nifike nyumbani kwangu.

Kijana wangu ningemtuma maji, nikamkuta baada ya saa mbili akimsaidia mtu kutengeneza baiskeli, mtungi umeachwa kando ya njia. Nilimchapa. Nilimchapa kwa maji, kwa madaftari, kwa mbuzi waliokula kabichi za jirani. Mimi mwalimu, niliyeagizwa na sheria niache kiboko tangu tangazo la serikali la 2001, kisha Katiba ya 2010, kisha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, nilifikiri nyumbani ni nyumbani. Kiboko kilimfundisha jambo moja: kunisikia nikija. Hakikumfundisha kukumbuka mtungi, kwa sababu mtoto huyu hakuwa amekataa kuukumbuka.

Aliyeona njia ni mke wangu. Siku ya kuchagua viazi, kijana akiwekwa mbele ya rundo zima, mawazo yake yalikuwa hewani baada ya dakika tano. Mke wangu akamwekea debe moja. Lile likiisha, anampigia makofi, anampa jingine. Alimaliza madebe sita. Kazi ilikuwa ile ile na mtoto alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni kwamba sasa aliuona mwisho.

Nanyi mnaijua aina ya viazi iitwayo Shangi. Ukiichimba, haikai. Kiazi cha aina nyingine hulala ghalani miezi, Shangi inaanza kuchipua kabla hujapata mnunuzi. Sijamwona mkulima wa Kibirichia akiipiga Shangi kwa kuchipua. Anajua tabia yake: anaipangia soko mapema, anaiweka gizani, anaipenda kwa sababu inaiva haraka jikoni. Tulipanga nyumba yetu hivyo hivyo. Niliacha kupiga kelele kutoka uani. Nilimwendea, nikamshika bega, nikamwambia jambo moja, siyo matatu, naye akalirudia kabla hajaondoka. Tulikuwa na kopo la maharagwe: akimaliza jambo alilotumwa, haragwe moja linaingia hapo hapo, mbele ya macho yake, si kesho. Kumi yakitimia, Jumamosi anakwenda nami Meru mjini. Haragwe halikutolewa mara lilipokwisha kuingia, hata akikosea. Sweta ilikuwa na msumari wake, mkoba msumari wake, na jioni misumari ilikaguliwa kabla ya chakula.

Walimu, najua darasa lina watoto 60 na mtaala haungoji. Lakini haya yanawezekana. Mkalisheni mtoto wa namna hii mbele, mbali na mlango. Mpeni hesabu tano, azilete, kisha tano nyingine, badala ya ukurasa mzima. Awe ndiye wa kufuta ubao na kwenda kuchukua chaki. Msifuni kwa sauti ile ile mnayomkemea nayo.

Na lazima niwe mkweli juu ya nguvu za njia hii. Mwaka 2013 Edmund Sonuga-Barke na wenzake wa Ulaya walichambua majaribio ya njia zisizo za dawa, wakauliza: tukimwuliza mtu asiyejua ni mtoto yupi amehudumiwa, anaona tofauti? Tofauti hiyo ilikuwa ndogo sana kuliko ile waliyoiona wazazi wenyewe. Kuwafundisha wazazi hakukuondoa ADHD yenyewe kwa kiasi kikubwa. Mwaka uliofuata kundi hilo hilo likaonyesha kwamba mafunzo hayo kweli hupunguza ukaidi na ugomvi, na hubadilisha jinsi mzazi anavyolea. Kwangu hilo si dogo. Kijana wangu hakuacha kusahau. Tuliacha kupigana.

Ndiyo maana siwezi kusimama hapa nikasema njia za asili zinatosha kwa kila mtoto. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, wenye watoto 579, ulionyesha kwamba kwa dalili zenyewe, dawa iliyosimamiwa vizuri ilizidi mafunzo ya tabia peke yake katika miezi 14 ya mwanzo. Baada ya miaka mitatu tofauti hiyo ilikuwa imefifia. Dawa haifanyi miujiza, na haimgeuzi mtoto kuwa chizi. Ni ngazi kwa mtoto ambaye bila hiyo hafiki dirishani. Shirika la Afya Duniani liliombwa mwaka 2019 na 2021 kuiweka methilifenideti katika orodha yake ya dawa muhimu. Mara zote mbili lilikataa, na miongozo yake inataka itolewe na mtaalamu. Kwa hiyo usiikute dukani ukaipima mwenyewe, na usimwazime jirani. Anzeni na hospitali ya rufaa ya Meru, waulizeni kuhusu kliniki ya watoto na ya afya ya akili. Kwa upande wa shule, vipo vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanzishwa nchini mwaka 1984; ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itawaonyesha cha kwetu kiko wapi. Na ukimpeleka mtoto, usimfiche kwa majirani kana kwamba umemwiba.

Mama mwenye chupa aliniletea madaftari. Hesabu za mtoto wake zinakwenda hivi: mbili za kwanza sahihi, ya tatu sahihi, ya nne imekatika katikati ya tarakimu, kisha picha ya lori lenye magurudumu yote kumi, kila moja na nati zake. Hesabu tatu sahihi kila ukurasa, mwaka mzima. Alipimwa damu wiki iliyopita na ilikuwa imepungua. Ameanza dawa ya chuma aliyoandikiwa hospitalini, chai imehamishwa, na mwalimu wake, ambaye yuko hapa, amekubali kumpa hesabu tatu kwa wakati mmoja.

Nimemaliza yangu, na nadhani maswali yenu ni bora kuliko maneno yangu. Nitakaa kwenye ile benchi karibu na dirisha mpaka giza liingie. Mwenye mtoto wa aina hii asione haya. Kama mmekuja na madaftari yao, nileteeni tuyafungue pamoja.